"Dada, nimefanya kama kompyuta yako ilivyosema"

SEHEMU YA 1

Mliozoea kunisoma hapa mnajua huwa tunaongelea kliniki, chanjo, kunyonyesha na homa za watoto. Safari hii nina mada ambayo hata mimi mwenyewe, miezi michache iliyopita, ningeipita tu bila kusoma. Ni kompyuta ya nyumbani. Usipite, mama. Nitaigawa sehemu tano maana ni ndefu.

Nimechelewa kuiandika kwa sababu ya aibu. Kosa ni langu, na mdogo wangu ameniruhusu nilisimulie.

Nina stashahada ya uuguzi, na mwaka jana nilianza kusoma shahada huku nikiwa kazini. Nikanunua laptopu iliyotumika, nzuri tu, inafungua haraka. Kazi nyingi za chuo zinakuja kwa PDF. Usiku mmoja nina fomu ya kujaza, haiandikiki, na mwisho wa kukusanya ni saa sita usiku. Nikatafuta mtandaoni programu ya bure ya kugeuza PDF kuwa Word. Ya kwanza kutokea nikaibofya, ikashuka, ikaanza maswali yake. "Next." "Next." "I agree." "Next." Mnajua tena. Sikusoma hata mstari mmoja. Fomu ikageuka, kazi ikaenda, nikalala na amani yangu.

Kesho yake nafungua kivinjari, ule ukurasa wa mwanzo niliouzoea haupo. Kuna ukurasa mwingine, kisanduku cha kutafutia katikati na picha ya mlima nyuma. Nikasema labda wamebadilisha muonekano. Nikitafuta kitu, majibu yanakuja, ila matatu manne ya juu ni matangazo ya ajabu ajabu. Baada ya siku kadhaa vikaanza vidirisha pembeni kulia chini: mara umeshinda simu, mara dawa ya kupunguza tumbo, mara kompyuta yako iko hatarini. Nikawa navifunga tu kimoja kimoja kama mtu anayefukuza nzi mezani.

Wiki tatu nimekaa hivyo. Jamani, mimi ndiye yule nesi anayewagombeza akina mama kliniki, "mtoto ana kidonda hiki tangu lini? Wiki tatu? Na ulikuwa unasubiri nini?" Nami nilikuwa nasubiri ijirekebishe yenyewe.

Kipindi hicho mdogo wangu alikuwa kwangu na mtoto wake wa miezi tisa. Ana miaka 22, ni mtoto wake wa kwanza, baba mtoto yuko mkoani kikazi. Nilimwambia, "Njoo ukae kwangu, mimi nesi, utakuwa na amani." Mume wangu akasema ni sawa, watoto wakafurahi kupata mdogo wao. Sasa sikilizeni kilichotokea.

Sehemu ya pili kesho nikitoka kazini.

SEHEMU YA 2

Haya, tuendelee. Asanteni kwa ujumbe wenu. Waliouliza kama mtoto ni mzima, nawatoa wasiwasi mapema: ni mzima, anatambaa na kuvunja vikombe vyangu.

Siku ile niliingia zamu ya usiku wodi ya watoto. Mume wangu alikuwa safarini, watoto wangu wamelala. Mtoto wa mdogo wangu alianza kuharisha mchana, nami nilimwacha akiwa amechangamka, ananyonya vizuri. Nikamwambia mama yake, "Mnyonyeshe tu, nikirudi asubuhi tutamwangalia." Nikaondoka. Kosa la kwanza hilo, sikumwachia hata pakiti moja ya ORS wala kumwonyesha inachanganywaje. Mimi natoa somo hilo kliniki kila wiki, nyumbani kwangu sikulitoa.

Saa tano usiku mtoto akazidi. Akaanza na kutapika. Mdogo wangu akanipigia mara mbili. Simu iko kwenye kabati la kubadilishia nguo, maana zamu ile tulikuwa wawili na wodi imejaa. Bando lake la intaneti limeisha. Akakumbuka laptopu yangu, imeunganishwa na kirauta cha nyumbani. Akafungua, akaandika kwa Kiswahili chake safi: mtoto wa miezi tisa anaharisha na kutapika nifanye nini.

Swali zuri kabisa. Siku hizi ukiandika hivyo kwenye simu yako unapata kurasa za afya zinazokueleza mambo ya maji ya ORS na dalili za hatari. Ila kompyuta yangu haikumpeleka huko. Majibu ya juu yote yalikuwa matangazo yaliyovalishwa nguo za majibu. Na kidirisha kile cha pembeni kikaruka: dawa ya asili, inakata kuharisha kwa mtoto ndani ya saa moja. Akabofya. Ukurasa una picha ya mtu kavaa koti jeupe, una maneno ya akina mama wanaoshukuru, una namba ya simu. Umeandikwa kwamba tumbo la mtoto lipumzishwe kwanza, asinyonye wala kunywa maji hadi apate dawa.

Akapiga namba. Mtu akapokea, saa tano na nusu usiku, mpole kabisa, anamwita "mama". Akamwambia atume 35,000, dawa italetwa na bodaboda asubuhi na mapema. Akatuma kwa simu. Ilikuwa hela yake ya nepi na matumizi ya wiki mbili.

Na akafuata maelekezo. Hakumnyonyesha. Mtoto alilia titi hadi akachoka, mama analia naye, anajikaza kwa sababu anaamini anamponya.

Nimeingia nyumbani saa mbili kasoro asubuhi. Nimemkuta amekaa kochini kampakata, anaangalia mlango akisubiri bodaboda. Nikamtazama mtoto mara moja tu. Macho yameingia ndani, utosi umebonyea, mdomo mkavu, amelegea hata hanishangai. Nikamvuta ngozi ya tumbo kwa vidole, ikarudi taratibu sana. Sikuvua hata sare. Tulitoka hivyo hivyo, bajaji ya kwanza iliyopita, tukarudi hospitali niliyotoka.

Ndani ya bajaji nilifoka. Nilisema maneno ambayo nesi hapaswi kumwambia mama, na dada hapaswi kumwambia mdogo wake. "Nani kakwambia umnyime mtoto titi?" Akanijibu kwa sauti ndogo, hajaniangalia:

"Dada, nimefanya kama kompyuta yako ilivyosema."

SEHEMU YA 3

Mtoto aliwekewa dripu. Mchana akafungua macho vizuri, jioni akanyonya. Siku ya tatu tukaruhusiwa. Ile namba ya simu ilikuwa haipatikani tangu asubuhi ile, na bodaboda hakuja mpaka leo.

Kabla sijaenda kwenye kompyuta, akina mama, naomba hili mlishike kwanza. Mtoto anayeharisha hapumzishwi tumbo. Anyonye, tena zaidi ya kawaida. ORS pakiti ya lita moja, maji safi na salama lita moja, kila baada ya choo cha majimaji. Chini ya miaka miwili mpe robo hadi nusu kikombe kikubwa, kidogo kidogo kwa kikombe au kijiko. Akitapika, subiri dakika kumi, endelea taratibu. Maji yaliyochanganywa yakipita saa 24, mwaga, changanya mengine. Na zinki: mwenye miezi sita na kuendelea ni miligramu 20 kwa siku, chini ya hapo miligramu 10, kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma. Akilegea, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, macho yakiingia ndani, akipata degedege, au ukiona damu kwenye choo, usitafute mtandaoni. Nenda kituo cha afya usiku huo huo.

Sasa kompyuta.

Tulipokuwa wodini, kijana wa kitengo cha TEHAMA pale kazini alikuja kutupa pole. Nikamsimulia. Akaniambia, "Sista, kesho ilete hiyo kompyuta." Nikaileta. Akafanya kitu kidogo tu ambacho nawashauri na nyie mkifanye leo. Aliandika maneno yale yale ya mdogo wangu kwenye simu yake, kisha kwenye kompyuta yangu, akaviweka pamoja mezani. Kwenye simu, ukurasa wa majibu wa kawaida. Kwenye kompyuta yangu, ukibonyeza kutafuta, juu pale kwenye anwani yanapita majina mawili matatu ya ajabu haraka haraka, ndipo unatua kwenye majibu. Ni majibu tofauti kabisa. Akasema, "Umeona? Kivinjari chako kimetekwa."

Nikauliza, ni virusi? Akasema si virusi kwa maana niliyoizoea mimi. Virusi hujinakili vyenyewe vikaruka faili hadi faili. Hivi ni vijiprogramu vya matangazo. Vinaingia vikiwa vimefungwa kifurushi kimoja na programu uliyoitaka wewe. Kwenye zile "Next" zangu, mojawapo ilikuwa na kiboksi kilichotikiwa tayari: nikubali kubadilishiwa ukurasa wa mwanzo, nikubali mtambo mpya wa kutafuta, nikubali "msaidizi wa manunuzi". Nilikubali yote kwa kidole changu mwenyewe. Ndiyo maana programu za kuzuia virusi mara nyingi huvipa jina la upole, programu zisizohitajika, na nyingine huviacha vipite. Kisheria wanajitetea kwamba uliridhia.

Wanapata nini? Hela. Kila ukitafuta kitu kupitia kwao, kila tangazo likionekana au kubofywa, kuna senti inaingia kwa mtu. Hawakujui wewe wala mtoto wako. Atakayelipa nafasi ya tangazo ndiye anayepelekwa mbele yako, awe anauza viatu, awe tapeli wa dawa. Mtu aliyempokea simu mdogo wangu pengine hata hajui kompyuta yangu ilitekwa na nani. Amelipia tu tangazo.

Na msidhani ni ujinga wetu sisi wa huku. Mwaka 2015 iligundulika kwamba kampuni kubwa ya Lenovo ilikuwa inauza baadhi ya laptopu zake zikiwa na programu ya matangazo iitwayo Superfish ndani tayari, kutoka kiwandani. Ilikuwa inaingiza matangazo hata kwenye kurasa zenye alama ya kufuli, na kwa kufanya hivyo ikalegeza ulinzi wa kompyuta nzima. Serikali ya Marekani iliwafuatilia, wakafikia makubaliano mwaka 2017. Mwaka huo huo wa 2017 kampuni ya usalama ya Check Point ilitoa taarifa ya kiteka-kivinjari kimoja walichokiita Fireball, wakakadiria kimeingia kwenye kompyuta zaidi ya milioni 250 duniani. Microsoft walibisha, wakasema idadi imetiwa chumvi. Hata hivyo, nacho kilisambaa kwa njia ile ile ya kifurushi cha bure.

SEHEMU YA 4

Leo ni usafishaji. Chukua daftari, mama, au hifadhi hii posti umpe baba watoto.

Kwanza nisimulie nilivyotaka kuharibu zaidi. Usiku wa kwanza baada ya mtoto kutulia, kwa hasira nikaifungua ile kompyuta nyumbani. Ukurasa ukajaa skrini nzima, mwekundu, unapiga king'ora: kompyuta yako ina virusi 13, pakua kisafishaji sasa. Nikataka kupakua! Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Kilichoniokoa ni umeme kukatika. Kijana wa TEHAMA alicheka sana. Ni sawa na kununua dawa kwa yule yule aliyekuwekea sumu. Hakuna ukurasa wa intaneti unaoweza kuhesabu virusi vya kompyuta yako. Ukikutana nao, funga kivinjari. Kikigoma, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kichague kwenye orodha, kizime kutoka hapo.

Pia nilipita kwa fundi mmoja stendi. Bila hata kuiwasha akasema ni ya kupiga Windows upya, 30,000. Mafundi wengi ni waaminifu na kuna wakati kupiga upya ndiyo dawa. Ila muulize fundi wako atakuwekea Windows na Word za wapi. Zile zilizovunjwa kufuli, za kutoka kwenye flashi yake, ni mojawapo ya njia kubwa za kuingiza uchafu huu huu. Unalipa kutoa mgonjwa wodini, unamrudisha mlango wa nyuma.

Sisi tuliisafisha hivi, na ilichukua kama saa moja na nusu. Kompyuta yangu ina Windows na natumia Chrome. Ya kwako ikitofautiana kidogo, mambo ni yale yale.

Tulianza na orodha ya programu. Fungua mipangilio ya Windows, sehemu ya programu zilizosakinishwa, zipange kwa tarehe. Nenda siku ambayo shida ilianza. Mimi niliikuta ile ya PDF, na siku hiyo hiyo, dakika hiyo hiyo, kuna nyingine tatu ambazo sizijui. Ondoa zote. Ikikuuliza "una uhakika? utapoteza ofa" jibu ndiyo. Soma vitufe vizuri, huwa wanavigeuza ili ubonyeze kubaki.

Kisha viendelezi. Hivi ni vijiprogramu vinavyobandikwa ndani ya kivinjari chenyewe. Kwenye Chrome bonyeza vidoti vitatu juu kulia, ingia kwenye viendelezi. Usichokijua na usichokitumia, toa. Nilikuwa na vitano. Sikumbuki kuweka hata kimoja.

Halafu arifa. Hapa ndipo vile vidirisha vya pembeni vilikuwa vinatoka, na mimi nilidhani ni virusi. Kumbe kila ukurasa unapouliza unaruhusu arifa na wewe ukabonyeza "Allow" ili uendelee kuangalia video, umempa mtu ruhusa ya kukupigia hodi kila saa, hata ukiwa umefunga ukurasa wake. Mipangilio, faragha na usalama, mipangilio ya tovuti, arifa. Nilikuta tovuti 11 zina ruhusa. Tukafuta zote. Vidirisha vikanyamaza hapo hapo, nikabaki nimeduwaa. Angalia na simu yako, Chrome ya simu nayo ina sehemu hiyo hiyo.

Baada ya hapo tukarudisha mipangilio ya kivinjari kama ilivyotoka kiwandani. Kitufe chake kiko mwishoni kabisa mwa mipangilio. Kinarudisha ukurasa wa mwanzo na mtambo wa kutafuta wa awali, na kinazima viendelezi. Alama zako za kurasa na nywila ulizohifadhi hazifutiki.

Tukaangalia na ikoni ya kivinjari kwenye skrini: bofya kulia, sifa zake, ule mstari wa mahali programu ilipo. Unatakiwa uishie na .exe na alama ya nukuu. Wa kwangu ulikuwa na anwani ya tovuti imebandikwa mwishoni. Yaani hata ungesafisha kote, ukibonyeza ikoni ile unarudishwa kwao. Tukafuta kipande hicho.

Mwisho tukapitisha ukaguzi mara mbili. Mara ya kwanza kwa ulinzi wa Windows wenyewe, ambao umo ndani ya Windows 10 na 11 bila malipo, ukaguzi kamili. Mara ya pili kwa AdwCleaner ya Malwarebytes, nayo ya bure, tumeipakua kwenye tovuti ya Malwarebytes wenyewe na si kwingine. Ikapata mabaki, ikayatoa, kompyuta ikajiwasha upya.

Siku mbili baadaye uchafu ukarudi! Nilitaka kulia. Kijana akauliza, "Sista, akaunti hii ya Google unaitumia wapi pengine?" Kwenye kompyuta ya kijana wangu wa darasa la sita, ya zamani, ya michezo. Kumbe Chrome ikisawazisha akaunti moja kwenye kompyuta mbili, kiendelezi kibaya kikibaki kwenye moja kinarudi kwenye nyingine. Tulitibu mmoja, wa pili yuko nyumbani anakohoa. Tukasafisha zote mbili siku moja, ikaisha.

Ukishamaliza, badilisha nywila zako muhimu, barua pepe kwanza, ukitumia kifaa ulicho na uhakika nacho. Kiteka-kivinjari kinaona unakokwenda, na huwezi kujua kiliona nini kingine.

SEHEMU YA 5

Sehemu ya mwisho. Kuzuia, kama kawaida yetu, ni rahisi kuliko kutibu. Hizi ndizo taratibu za nyumbani kwetu sasa.

Programu inashushwa kwa mtengenezaji wake tu, au kwenye duka la Microsoft. Ukitafuta jina la programu, ya kwanza juu mara nyingi ni tangazo lililolipiwa, si mwenyewe. Soma anwani. Na kabla ya kushusha, jiulize kama unaihitaji kweli. Kazi yangu ya PDF, Word yenyewe ingeweza kuifungua na kuigeuza. Nilikuwa nayo humo humo ndani. Hilo liliniuma.

Ukisakinisha, hakuna "Next" ya kukimbia. Chagua "Custom" au "Advanced" kila ukiiona, ndipo viboksi vilivyofichwa vinapoonekana. Toa tiki. Kitufe cha "Decline" kwenye ofa hizo si cha kukataa programu yako, ni cha kukataa mzigo wa pembeni, usikiogope. Tulifanya mazoezi na mdogo wangu na kijana wangu, mmoja anabonyeza, mwingine anasoma kwa sauti.

Usiamini ukurasa unaosema Flash Player yako imepitwa na wakati, isasishe. Adobe waliacha kuihudumia Flash tarehe 31 Desemba 2020. Yeyote anayekuletea "toleo jipya" leo anakuletea mzigo. Masasisho ya kweli yanatoka ndani ya Windows na ndani ya kivinjari chenyewe.

Watoto wana akaunti yao kwenye kompyuta, ya kawaida, isiyo na madaraka ya msimamizi. Programu nyingi zikitaka kujisakinisha zinaomba nywila yangu. Kijana alinuna siku mbili kwa ajili ya michezo ya kuvunja kufuli, akazoea. Sikumgombeza, maana aliyeingiza ugonjwa ndani ya nyumba alikuwa mama yake.

Ndani ya ulinzi wa Windows, sehemu ya udhibiti wa programu na kivinjari, kuna swichi ya kuzuia programu zisizohitajika. Hakikisha imewashwa. Kompyuta nyingi sasa huja imewashwa, lakini iliyotumika huwezi kujua mwenzio aliizima lini.

Na mara moja kwa mwezi, Jumapili, natazama viendelezi na arifa. Dakika tano. Kama ninavyoangalia tarehe za mwisho za dawa kwenye kisanduku cha huduma ya kwanza.

Nimeulizwa sana kwenye ujumbe: kwa hiyo nesi, tusitafute mambo ya afya mtandaoni? Tafuteni. Mtandao umewasaidia akina mama wengi, na mimi mwenyewe niko hapa mtandaoni. Ila ukiona ukurasa unaotaka hela kabla mtoto hajaonwa na mtu, unaoahidi kuponya kwa saa moja, unaokwambia umnyime mtoto titi au maji, hapo umefika dukani, hujafika hospitali. Toka.

Namalizia na mdogo wangu. Siku aliporuhusiwa mtoto, sikuweza kumwambia kitu njiani. Tulipofika nyumbani, akiwa anakunja nguo za mtoto, nilikaa kitandani kwake nikamwambia, "Mdogo wangu, nisamehe. Kosa halikuwa lako." Akaendelea kukunja. Baadaye akasema, "Mimi niliamini kwa sababu ni kompyuta ya nesi." Sikuwa na jibu.

Tumebandika karatasi ukutani jikoni, kwa mwandiko wake si wangu. Juu kaandika ORS na zinki, katikati dalili za hatari, chini namba ya simu ya mezani ya wodi yangu, ambayo inapokewa usiku kucha. Namba hiyo nilikuwa nayo miaka yote na sikuwahi kumpa. Pakiti nne za ORS ziko kwenye kopo juu ya friji. 35,000 nilimrudishia, alikataa, nikanunua nepi.

Kompyuta yangu bado haigusi. Juzi nilimwomba anisaidie kuchapa kitu, akasema atachapa kwenye simu. Nimemwacha. Itachukua muda.

Leo usiku, kabla hujalala, fungua kompyuta ya nyumbani kwako na simu yako. Andika swali moja kwenye vyote viwili, uviweke pembeni kwa pembeni. Yakiwa majibu ya dunia mbili tofauti, rudi Sehemu ya 4. Na kama una dada, mdogo au binti wa kazi anayebaki na mtoto wakati wewe uko kazini, muulize hivi tu: "Nisipopokea simu, utafanya nini?" Jibu lake ndilo litakalokuonyesha pa kuanzia.

Kesho niko zamu ya asubuhi, maswali nitayajibu jioni. Nawapenda, walaleni salama.

Nesi wenu.